Noti Iliyopotea

Chumba chetu Ruwi, ghorofa ya tatu,
ni hatua tano kwa nne, ukihesabu na kabati.
Dirisha moja linatazama ukuta,
jingine limezibwa na kiyoyozi
kinachonguruma noti moja tangu Aprili.

Spika zangu mbili za rafuni, ndogo kama bofulo,
zinaimba vizuri kuanzia kifuani kwenda juu.
Sauti ya mwimbaji, sawa. Fidla, sawa.
Chini hamna kitu.
Wimbo umesimama kama mtu aliyevaa kanzu
akasahau miguu nyumbani.

Nikaenda kwa Mukarram, nyuma ya kituo cha mabasi.
Akaanza na boksi la inchi kumi na mbili,
jeusi, kubwa kama mashine ya kufulia,
lina tundu mbele linalohema kama mdomo wa tanuri.
Akalifungulia. Glasi za chai zikacheza kaunta nzima,
mpita njia akageuka kutafuta lori.
"Nguvu!" akasema Mukarram.
Ndugu yangu, nikamwambia, hili ni debe,
na debe tupu haliachi kuvuma.
Kila noti kwake ni ileile,
buu, buu, buu,
na chini yangu analala Thankachan,
anaendesha basi la uwanja wa ndege usiku kucha.
Kwake adhuhuri ndiyo saa tisa ya usiku.

Nikataka lile lililofungwa, lisilo tundu,
inchi nane, la kukumbatiwa kwa mkono mmoja,
wa pili ushike funguo.
Halishuki hadi kwenye tope la chini kabisa.
Linafika linapofika, kisha linanyamaza.
Riali thelathini na nane.
Nikasema thelathini na tano. Akanitazama
kama niliyemtukania shangazi yake.
Tukaishia thelathini na sita, na waya bure.

Kuliweka wapi? Hapo ndipo palipo kazi.
Mwenzangu wa ofisini alinifunza:
likalishe kwenye kiti chako,
kisha tambaa wewe kila pembe linapoweza kukaa.
Basi sabufa nikaipa kiti kama mgeni,
nikazima kiyoyozi, Julai, saa nane mchana,
nikapiga magoti.

Kando ya kabati besi limevimba, lina homa.
Katikati ya chumba halipo, limehama bila kuaga.
Chini ya dirisha linafika limechelewa,
ngoma imeshaondoka.
Jasho linadondoka kwenye vigae.
Zuwena akasimama mlangoni na birika mkononi,
akaniuliza nimepoteza nini.
"Noti," nikasema.
"Ya riali ngapi?"

Niliipata karibu na mlango,
baina ya gunia la mchele na kochi la mama.
Hapo vidole vya mpiga besi vilihesabika,
kimoja, kimoja,
na hata pale alipovuta pumzi palikuwa na nafasi yake.

Mama, Bi Ghaniya, masikio yalimwaga mwaka wa tano huu.
Tunamwandikia kwenye daftari la Al-Yaqdhan la hesabu.
Alikuwa anachambua dengu, miguu peku sakafuni.
Mkono ukasita.
Akatazama chini, si kwenye boksi, kwenye vigae,
kama mtu aliyeguswa na paka.
Akasema, "Huyu anakimbia.
Mwambieni awangoje wenzake."

Nikateremka kwa Thankachan kuomba radhi.
Akatoka na fulana, jicho moja limefumba.
Muziki? Hakuna muziki aliousikia.
Kilichomwamsha, alisema, ni kiyoyozi chetu kuzima.
Miaka mitatu analala juu ya mngurumo ule;
kimya kile kilimshtua, akadhani tumekufa.

Tukakiwasha.
Besi likazama humo ndani,
mimi na Zuwena tukabaki na fidla.
Mama akarudi kwenye dengu zake,
unyayo wa kulia ukipiga kigae taratibu,
taratibu zaidi,
akimfunza yule bwana kungoja.